Hita inatoa sauti ya maji nyuma ya dashibodi kila asubuhi, nipo Njombe, naombeni msaada

MwalimuNjombe

Wakuu habarini za jioni. Naombeni msaada wenu kwenye hili maana mafundi wawili wamenipa majibu mawili tofauti na hela yenyewe ya kubahatisha sina.

Nina Corolla NZE121 ya 2003, injini 1NZ, nililinunua Dar mwezi wa tatu kwa mtu binafsi nikapandisha nalo huku Njombe kwenye kituo changu cha kazi. Dar sikuwahi kugusa hita hata siku moja, nani awashe hita Dar. Ila huku mwezi wa sita wanaopajua wanajua, saa kumi na mbili asubuhi umande umeganda kwenye majani pote peupe, kioo cha mbele ukikifuta kwa ndani kinaziba tena hujaingiza hata gia ya pili, na nambeba mwanangu wa miaka minne kifua kinamsumbua, kwa hiyo hita kwangu siyo anasa.

Tatizo liko hivi, asubuhi nikiwasha gari nikakanyaga mafuta kidogo nianze kuondoka, nasikia nyuma ya dashibodi upande wa abiria sauti ya maji, gulugulugulugulu, kama mtu anamimina maji kutoka kwenye dumu lenye mdomo mwembamba. Inaenda kama nusu dakika inanyamaza, nikikamata kilima inarudi. Joto linakuja gari likiwa linatembea, nikisimama likabaki kwenye sailensa, yaani linanguruma tu bila kukanyaga mafuta, upepo unakuwa vuguvugu halafu baridi kabisa. Mshale wa joto haujawahi kupanda, uko palepale chini kidogo ya katikati.

Halafu kuna sauti ya pili, sijui kama zinahusiana. Nikiweka feni ya hita namba 3 au 4 inalia trrrrrrrr kama karatasi imenasa kwenye pangaboi, namba 1 haisikiki.

Fundi wa kwanza kasema hita imekufa, tukate zile hozi mbili zinazoingia ndani tuziunganishe zenyewe kwa zenyewe maji yasipite kule, elfu 30 kazi imeisha. Wa pili kasema dashibodi ishuke yote tubadilishe rejeta ndogo ya hita, laki 3 na nusu na ufundi wake. Sijamkubalia hata mmoja. Nifanyeje?

kibo_kigamboni

Mkuu mimi naona ukubali kukata tu. Gari yangu niliikuta imekatwa hita hivyohivyo tangu naichukua, miaka minne sasa haijawahi kunisumbua, haichemshi, haivuji. Hiyo rejeta ya ndani ikija kutoboka utalowanisha zulia lote na harufu haitoki. Elfu 30 sio hela.

Fundi_Makambako

Mwalimu usikate. Nakuomba usikate kabisa.

Huyo ndugu wa Kigamboni hajakosea kwa huko aliko, injini inaishi bila hita na joto la Dar halihitaji hita, lakini wewe uko Njombe na kioo kinaziba, ukikata hozi utaendesha na tambara mkono mmoja usukani mkono mmoja saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu na watoto wa shule wako pembeni ya barabara. Na kubwa zaidi, ukikata sauti itaondoka lakini kilichosababisha sauti kitabaki, na hicho ndicho kitakuja kuua injini.

Hita yako haijafa. Ingekuwa imekufa au imeziba isingekupa joto ukiwa unatembea. Unachosikia ni hewa. Iko hivi, nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo kama kitabu kinene, inaingia hozi mbili kutoka kwenye injini, moja inaleta maji ya moto nyingine inayarudisha, feni inapuliza upepo unapita pale katikati unatoka na joto, basi hiyo ndiyo hita yote. Mfumo ukiwa umejaa maji yanapita kimya husikii kitu. Yakipungua hewa inakaa mle ndani, ukikanyaga mafuta pampu inazunguka kasi, maji na hewa vinapita pamoja kwenye vile vijia vyembamba ndiyo unasikia gulugulu. Ukiwa kwenye sailensa pampu inazunguka taratibu haina nguvu ya kuyasukuma vizuri mpaka kule, ndiyo maana upepo unapoa ukisimama. Kwa hiyo sauti yako na kupoa kwako ni ugonjwa mmoja, gari halina maji ya kutosha.

Na huo mshale usikupe amani. Sensa yake inapima maji, maji yakishuka ikabaki kwenye hewa inasoma vitu vya ajabu, nimepokea magari hedi, kile kichwa cha injini, imeshapinda na dereva anakuapia mshale haukupanda, na kweli haukupanda.

Fanya hivi kesho asubuhi kabla hujawasha, injini imelala usiku kucha, baridi kabisa siyo vuguvugu. Fungua kifuniko cha rejeta yenyewe, pale mbele juu, siyo kile kitenki cha plastiki cha pembeni. Watu wanachungulia kitenki wanaona kimejaa wanafunga boneti, kumbe kifuniko cha rejeta mpira wake umechoka, gari likipoa hakivuti tena maji kutoka kwenye kitenki, kitenki kimejaa na rejeta ni tupu. Maji yatakiwa uyaone yamefika mdomoni. Usipoyaona umeshapata jibu. USIFUNGUE LIKIWA LA MOTO, yale maji yana presha yanaruka usoni, nimeona kijana kaungua mkono mpaka kwenye kiwiko.

Ukirudi hapa niambie rangi ya maji, kina gani, na uangalie pia zulia chini ya miguu ya abiria kama limelowa au lina utelezi, na kama kioo kikiziba kinaacha utando wa mafutamafuta wenye harufu tamutamu. Hivyo vitatu ndivyo vitasema kama rejeta ndogo inavuja au la. Kabla ya hapo mtu yeyote asikushushie dashibodi.

Tunduma_Express

Mkuu namuunga mkono fundi, na niongeze la mlimani maana hii barabara ya Dar mpaka Tunduma ndiyo ofisi yangu.

Ulipandisha ule mlima wa Kitonga kabla ya Iringa na hilo gari? Lilikuwa limejaa mizigo ya kuhama? Basi inawezekana maji yalianzia pale. Gari lenye kifuniko kibovu Dar tambarare linajificha, likifika Kitonga gia ya pili jua la saa nane linamwaga maji kidogo kwa kile kijihozi cha kitenki, dereva hajui, anafika Iringa analala, asubuhi anaendelea.

Kuna jambo watu hawalijui kuhusu huko juu. Njombe ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, sufuria yako ya chai inachemka kwenye nyuzi 93 hivi siyo 100, walimu mnalijua hili. Sasa injini inafanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Kinachozuia maji yasichemke mle ndani ni presha ya kifuniko, soma juu yake kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha. Kifuniko kikichoka Dar bado una nafasi ya kupumua, kikichoka Njombe nafasi hiyo haipo karibu kabisa. Kwa hiyo usidharau kifuniko.

Na hita ukiwa nayo ni msaada mlimani. Siku mshale unapanda na huna pa kusimama, fungua hita moto wote feni namba ya mwisho, shusha vioo, inatoa joto kwenye injini mpaka upate pa kuegesha. Mimi imeniokoa. Aliyekata hita hana hiyo.

wa_Kinangop

Habari kutoka Kenya, huku Kinangop baridi ni ileile yenu kwa hivyo hita tunaijua sana.

Mwalimu hiyo sauti ya pili, ile trrrr ya feni, haina uhusiano na maji. Kama inabadilika ukibadilisha namba ya feni basi ni kitu kiko ndani ya feni yenyewe. Yangu ililia hivyo nikadhani bearing zimeisha, nikaambiwa ninunue feni nzima. Nilifungua mwenyewe nyuma ya ile droo ya mbele ya abiria, feni iko pale chini imeshikwa na skrubu tatu na plagi moja ya waya, nikaivuta chini, mwanangu, ndani kulikuwa na majani makavu ya msonobari yameingia kwa zile tundu ziko chini ya wiper, na panya alikuwa amebeba sponji ya kiti na punje za mahindi akajenga nyumba. Nikatoa, nikapangusa, nikarudisha, kimya.

Kabla ufungue fanya jaribio dogo. Zima injini, washa switch tu, weka feni namba 4. Ikilia na injini imezima basi ni feni. Na ikiwa inalia kama ndege, ile ya kupiga kelele nyembamba wiiii asubuhi halafu inaisha ikipata joto, hiyo ni bushi ya mota imekauka, hiyo kweli itataka kubadilishwa siku moja ingawa ya mtumba inapatikana.

Angalia pia filter ya hewa ya ndani iko hapo hapo. Ikiwa imeziba hewa haitoki na kioo hakikauki hata hita ikiwa nzuri. Na zungusha ile lever ya hewa iwe ya nje, usiweke ya kuzunguka ndani, watu wanne wakipumua ndani ya gari iliyofungwa kioo lazima kizibe.

MwalimuNjombe

Wakuu nimerudi, asanteni sana kwa muda wenu, nimeamka saa kumi na moja na nusu na tochi ya simu nikafanya kama mlivyosema.

Kitenki cha plastiki kimejaa mpaka mstari wa juu. Kifuniko cha rejeta nimefungua, SIONI MAJI. Nimeingiza kijiti cha mwanzi kikaingia kiasi cha kidole kizima ndipo kikalowa. Maji yenyewe ni rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyolala. Mpira wa kifuniko chini una ufa unazunguka karibu nusu, ukiukunja unafunguka kama mdomo.

Zulia la abiria kavu kabisa, nimepitisha mkono mpaka chini ya kapeti. Kioo hakina mafuta wala harufu.

Halafu nimeona kitu kingine. Zile hozi mbili zinazoingia ukutani kuelekea ndani, moja haina klipu, imefungwa kwa waya wa kufungia nondo umesokotwa kwa plaizi, na kuizunguka pale kuna ukoko mweupe unaoelekea kijani kama chumvi. Nimegusa ni pakavu.

Swali linalonitia hofu, nikiwasha asubuhi ekzosi inatoa moshi mweupe mwingi, na kifuniko cha oili kwa ndani kina kitu kama mtindi. Nimesoma mahali kwamba hiyo ni gasketi ya hedi imeungua. Nimekosa usingizi kwa kweli.

Fundi_Makambako

Mwalimu lala usingizi kwanza. Moshi mweupe wa asubuhi Njombe magari yote yanatoa, ni mvuke, kama pumzi yako. Ukiisha ndani ya dakika chache gari likipata joto ni kawaida. Ukiendelea hata baada ya nusu saa na una harufu tamu, hapo tutaongea. Huo mtindi wa kwenye kifuniko nao, gari linalokwenda kilomita 3 shuleni na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha unyevu, unaganda pale juu. Vuta stiki ya oili, kama oili kwenye stiki ni safi haina maziwamaziwa, usihukumu gasketi bado.

Ule ukoko mweupe ndiyo mahali maji yanapotokea. Yanavuja likiwa la moto lina presha, yanakauka palepale juu ya injini, ndiyo maana hukuona tone chini. Aliyefunga waya pale alishawahi kuikata hita hiyo akairudisha wakati wa kuuza, au hozi ilichomoka akaokoteza waya. Waya unakata mpira, toa.

Nunua klipu mbili za spana, kifuniko kipya chenye namba ileile iliyoandikwa kwenye cha zamani, usiweke kikubwa zaidi ukidhani unaongeza nguvu, utapasua rejeta. Hozi ikiwa na nyufa pale kwenye waya kata sentimita 2 kama inafika, haifiki badilisha. Halafu mwaga hayo maji ya kahawia yote, hiyo ni kutu, mtu aliweka maji ya bomba muda mrefu. Sukuma maji safi yazunguke uyamwage mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, iliyochanganywa tayari, ya waridi au nyekundu inayofaa Toyota, ukianza na moja endelea na hiyohiyo usichanganye rangi. Gari hilo linachukua lita 5 hivi, nunua 6 ubaki na akiba.

Kutoa hewa sasa, hapa ndipo mafundi wengi wanaharakisha. Egesha pua ya gari iangalie mlimani, mdomo wa rejeta uwe ndiyo sehemu ya juu kuliko zote. Hita iweke moto wa mwisho, feni namba 1. Jaza taratibu mpaka mdomoni, minyaminya hozi ya juu na ya chini kwa mkono, utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka, ongeza. Washa kifuniko kikiwa wazi, acha kwenye sailensa, kila yakishuka ongeza. Thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, siku ya baridi subiri hata dakika 15 au 20, utajua imefunguka hozi ya chini ikipata moto ghafla na maji yakishuka tena. Yakianza kupanda yenyewe kutaka kumwagika funga kifuniko. Sasa kanyaga mafuta kiasi cha mizunguko 2,000 dakika chache, shika zile hozi mbili za hita, zote mbili ziwe za moto. Moja moto nyingine baridi maana yake bado kuna hewa au rejeta ndogo imeziba kwa kutu. Kesho yake likiwa baridi fungua tena uongeze, siku ya kwanza hewa haiishi yote.

Wakati kifuniko kiko wazi ndiyo muda wa kuangalia gasketi pia. Mapovu ya mwanzo ni hewa ya kawaida, yanapungua yanaisha. Yakitoka mfululizo kama soda hayakomi hata baada ya nusu saa, hiyo ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji, hedi itabidi ifunguke. Kuna kipimo cha maji ya bluu kinawekwa juu ya mdomo wa rejeta, yakigeuka manjano gesi ipo. Ulizia gereji kubwa.

Thamostati waulize pia kama ipo. Kuna mafundi wa pwani wanaitoa na kuitupa wakidhani wanasaidia injini isichemshe, halafu gari likipanda huku hita haipati moto hata ufanye nini.

Baba_Neema_Minnesota

Salaam ndugu zangu. Mimi huku Marekani theluji ni miezi mitano, hita ikizimika ni hatari. Kwa atakayepita hapa baadaye na sauti tofauti na ya mwalimu, kuna ile ya tak tak tak tak, kama kucha inagonga plastiki, inakuja ukiwasha swichi au ukibadilisha kutoka baridi kwenda moto, inagonga sekunde kadhaa inaacha. Hiyo si maji wala feni, ni kimota kidogo kinachozungusha mlango wa hewa ndani ya sanduku la hita, gia zake za plastiki zimevunjika jino. Zungusha joto taratibu, ikigonga sehemu moja tu ndiyo yenyewe. Magari ya kuzungusha kwa kebo hayana hiyo shida. Nilibadilisha mwenyewe, skrubu zipo mbili tu ila mkono haufiki vizuri, nilichubuka vidole vyote.

MwalimuNjombe

Wakuu mrejesho, wiki mbili zimepita, sikutaka kuandika haraka kabla sijajiridhisha.

Hozi ilikuwa imekatwa na waya mpaka karibu nusu ya unene wake, nimeikata kipande nikaweka klipu mpya. Kifuniko kipya. Maji yamemwagwa mara nne ndipo yakatoka meupe, mara ya kwanza yalikuwa tope kabisa na vipande vya kutu kama maganda ya karanga. Thamostati ipo, nashukuru Mungu. Tuliliegesha kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba ya mkuu wa shule, tukatoa hewa dakika 40 nzima, fundi kijana niliyekuwa naye alitaka kufunga mapema nikamsomea maneno yako fundi moja baada ya jingine akatulia. Mapovu yaliisha. Kesho yake limekubali kama robo lita, keshokutwa kidogo sana, tangu hapo halijashuka. Nimechora mstari kwa kalamu kwenye kitenki, leo asubuhi maji yako kwenye mstari. Stiki ya oili safi.

Feni nimefungua kama alivyosema dada, au kaka, wa Kinangop. Majani ya msonobari yalikuwa ya kujaza kofia, na kipande cha bahasha ya kaki kinagusa mapezi ya feni, ndiyo ile trrrr. Filta ya ndani ilikuwa nyeusi na ina mbegu za majani zimeota, zimeota kabisa, vijimche.

Leo saa kumi na mbili nimewasha, nimekaa dakika tano, nimefungua hita. Kimya. Kioo kimesafika kuanzia chini kwenda juu kama pazia linavutwa, mtoto kavua kofia mwenyewe njiani. Matumizi yote pamoja na kulanti haijafika elfu 90.

Fundi naomba jambo la mwisho, ile hozi ya pili nayo nibadilishe au niiache?

Fundi_Makambako

Ibonyeze likiwa baridi. Ikiwa laini na inarudi iache, ikiwa ngumu inalia kama mkate mkavu badilisha wiki hii, zina umri mmoja. Na uweke wavu mdogo kwenye zile tundu chini ya waipa, uubane kwa klipu, msonobari bado unamwaga mpaka mwezi wa tisa.

wa_Kinangop

Ni dada. Karibu sana mwalimu.